Maumivu Yasiyotaka Kuondoka, na Umeme Unaoyazuia Njiani

SOMO LA AFYA

Katika darasa letu la kisomo yuko mama mmoja ambaye hukaa benchi la mbele. Siku moja, somo lilipokwisha, hakuondoka na wenzake. Alibaki amekaa, daftari lake mapajani.

"Mwalimu, nina neno," akasema.

"Sema, mama."

"Baba watoto huu ni mwaka wa tatu anaumwa mgongo na mguu. Alianguka na gunia la mahindi. Hospitali walimpasua, kidonda kikapona vizuri. Lakini maumivu hayakuondoka. Usiku halali. Jembe hawezi kushika. Ndugu zake wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amelogwa. Sasa juzi kijana mmoja katoka mjini, katuambia kuna umeme unatiwa ndani ya mgongo, maumivu yanakwisha. Sisi tuna ng'ombe wawili. Je, tuuze?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Mama, nipe muda niulize na nisome." Basi nimeuliza, na nimesoma. Somo hili ndilo jibu langu. Lakini si jibu la mama yule peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hiyo ni sawa na mtu 1 katika kila watu 13. Hesabu watu wa kitongoji chako, utaona. Jambo hili linatuhusu sote.

MAUMIVU NI MBIU

Wazee walisema: la mgambo likilia, kuna jambo. Maumivu ni kama mbiu ya mgambo. Ukikanyaga mwiba, mbiu inalia: "Inua mguu!" Ukishika sufuria ya moto, mbiu inalia: "Achia!" Mtu asiyesikia maumivu yuko hatarini. Tazama mtu mwenye ukoma aliyepoteza hisia za vidole. Anaungua na hajui. Anakatwa na hajui. Kwa hiyo maumivu si adui yetu. Ni mlinzi wetu.

Mbiu hii inapitaje? Mwilini mwetu mna mishipa ya fahamu. Mishipa hii si ile ya damu. Ni kama nyuzi nyembamba sana zinazopeleka habari. Habari inatoka kwenye kidole, inapita mguuni, inaingia mgongoni, inapanda mpaka kwenye ubongo. Ikifika kwenye ubongo, ndipo unaposema, "Aa! Naumia."

Mgongoni kuna nini? Kuna mifupa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mifupa hiyo huitwa pingili, na yote pamoja tunaiita uti wa mgongo. Katikati ya pingili kuna tundu. Ndani ya tundu hilo inapita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Katika somo hili tutaiita ugwe wa mgongo. Ugwe maana yake ni kamba. Kwa mtu mzima, kamba hii ina urefu wa karibu sentimita 45, na unene wake ni kama kidole kidogo cha mkono. Jozi 31 za mishipa ya fahamu zinatoka humo kwenda kila upande wa mwili. Karibu habari zote za mikono, miguu na kiwiliwili zinapita hapo. Ni barabara kuu.

MBIU ISIYONYAMAZA

Sasa fikiri. Moto umewaka, mbiu ikalia, watu wakaja, moto ukazimwa. Mpiga mbiu anapaswa kunyamaza. Lakini je, akiendelea kulia mwezi mzima? Mwaka mzima? Hakuna moto tena, lakini kelele ipo, na hakuna anayelala.

Ndivyo yalivyo maumivu sugu. Maumivu yakizidi miezi 3, wataalamu wanayaita maumivu sugu. Wakati mwingine ugonjwa bado upo, na mbiu inasema kweli. Lakini wakati mwingine kidonda kimepona, na mishipa ya fahamu yenyewe ndiyo iliyoharibika. Inatuma habari ya uongo. Mtu anasikia mguu unawaka moto na moto haupo. Anasikia kama anachomwa sindano, na sindano haipo. Kuna hata watu waliokatwa mguu, na bado wanaumwa vidole vya mguu ambao hawana tena.

Je, mtu huyo anadanganya? Hapana! Habari ni ya uongo, lakini maumivu ni ya kweli. Ubongo umepokea habari, na mtu anaumia kwelikweli. Shirika la Afya Duniani limeyaweka maumivu sugu katika orodha yake mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika mwaka 2022. Maana yake ni hii: maumivu sugu si uvivu, na si uchawi. Ni ugonjwa.

Ndugu wa yule baba, ikiwa mnasoma gazeti hili, someni tena aya hiyo.

MLANGO KATIKA MGONGO

Mtoto wako akijigonga goti, unafanya nini? Unamshika, unamsugua pale pale alipoumia. Maumivu yanapungua, mtoto ananyamaza. Kina mama wamejua jambo hili tangu zamani. Lakini kwa nini inakuwa hivyo?

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walitoa maelezo. Walisema kuwa katika ugwe wa mgongo kuna kitu kama mlango. Habari za maumivu zinapita katika mishipa myembamba. Habari za kuguswa na kusuguliwa zinapita katika mishipa minene. Zote zinafika kwenye mlango ule ule. Habari za kuguswa zikiwa nyingi, mlango unajifunga kiasi, na habari za maumivu zinapata shida kupita. Ni kama mlango wa basi wakati watu ni wengi. Wenye nguvu wanaingia, wengine wanabaki nje.

Baadaye wataalamu waligundua kuwa mwili una njia nyingine pia za kutuliza maumivu. Mlango ule si habari yote. Lakini wazo lile lilifungua njia. Watu walijiuliza: ikiwa kusugua kunafunga mlango kwa dakika chache, je, hatuwezi kuufunga kwa muda mrefu?

UMEME NA MAUMIVU: HABARI YA ZAMANI

Kutuliza maumivu kwa umeme si jambo la jana. Karibu mwaka 46 baada ya Kristo, huko Roma, tabibu aliyeitwa Scribonius Largus aliandika dawa ya kichwa kinachouma. Alisema mgonjwa awekewe samaki wa baharini mwenye umeme, akiwa hai, mahali panapouma. Kwa ugonjwa wa jongo, mgonjwa amkanyage samaki huyo mpaka mguu ufe ganzi. Sisi nasi tunao samaki wenye umeme. Katika Ziwa Tanganyika yuko kambare anayempiga mtu umeme akishikwa. Usimjaribu! Umeme wa samaki haupimwi, na haujui mahali pa kusimama.

Watu wa leo wametaka umeme mdogo, unaopimwa, unaopelekwa mahali pamoja tu. Mahali hapo ni kwenye ugwe wa mgongo, penye ule mlango.

Mwezi wa Machi mwaka 1967, huko Marekani, daktari mpasuaji C. Norman Shealy alifanya jaribio la kwanza kwa binadamu. Thomas Mortimer, kijana aliyekuwa bado anasomea uhandisi, ndiye aliyetengeneza kifaa. Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 70. Alikuwa na saratani ya mapafu isiyoweza kupasuliwa, na maumivu makali ya kifua. Daktari aliweka kipande cha chuma chenye umeme mdogo kwenye ugwe wa mgongo wake. Umeme ulipowashwa, maumivu yalitulia. Mzee yule alikuwa mgonjwa sana, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kuonyesha kuwa jambo hili linawezekana.

KIFAA CHA LEO KINAFANYAJE KAZI?

Kifaa hiki tukiite kichocheo cha ugwe wa mgongo. Kina sehemu tatu.

Ya kwanza ni waya mwembamba. Kwenye ncha yake kuna vipande vidogo vya chuma vinavyotoa umeme. Daktari anaupitisha waya huo kwa sindano nene, au kwa kupasua kidogo mgongoni. Hautobolewi ugwe wenyewe. Waya unakaa katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya mfupa na utando unaofunika ugwe.

Ya pili ni kikasha kidogo chenye betri. Kinafukiwa chini ya ngozi, kwenye tako au tumboni au ubavuni. Humo ndimo umeme unamotoka.

Ya tatu ni rimoti, kama ile ya televisheni. Mgonjwa anaishika mkononi. Kwa rimoti hiyo anaongeza umeme, anaupunguza, au anauzima.

Lakini zingatieni hili. Daktari mzuri hafukii kifaa siku ya kwanza. Kwanza anaweka waya tu, na betri inabaki nje ya mwili, imefungwa kiunoni. Mgonjwa anarudi nyumbani, anakaa nayo siku chache, pengine wiki. Analala, anatembea, anafanya kazi ndogo ndogo. Kisha anarudi na kusema kweli: je, maumivu yamepungua? Kipimo cha kawaida ni nusu. Yakipungua kwa nusu au zaidi, ndipo kifaa kinafukiwa. Yasipopungua, waya unatolewa, na mgonjwa anaokolewa na upasuaji wa bure. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliwakumbusha madaktari wote wasiruke hatua hii ya kujaribu.

MAENDELEO YALIYOPATIKANA

Vifaa vya zamani vilikuwa na shida moja. Mgonjwa alisikia mwili unachezacheza, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka, au kama sisimizi wanatembea juu ya ngozi. Wengine waliizoea hali hiyo. Wengine iliwachosha. Tena, mtu akiinama au akikohoa, ugwe unasogea kidogo karibu na waya, na umeme unampiga kwa nguvu zaidi. Betri nazo zilikwisha baada ya miaka michache, na ilibidi apasuliwe tena. Hebu tuone mabadiliko.

Kwanza, betri. Tangu mwaka 2004 vimekuwapo vifaa vyenye betri inayochajiwa, kama ya simu ya mkononi. Mgonjwa anaweka chaja juu ya ngozi, na betri iliyo ndani inajaa. Betri hizi hudumu miaka mingi zaidi.

Pili, umeme wa kasi. Vifaa vya zamani vilipiga mapigo ya umeme karibu 50 kwa sekunde moja. Vipya vingine vinapiga mapigo 10,000 kwa sekunde. Mapigo haya ni madogo na ya haraka hata mgonjwa hasikii chochote. Vifaa hivi viliruhusiwa Marekani mwaka 2015. Katika utafiti uliotolewa mwaka huo, vilishindanishwa na vile vya zamani kwa wagonjwa wenye maumivu ya mgongo na miguu. Baada ya miezi 3, katika kila watu 100 wenye kifaa kipya, watu 84 au 85 maumivu yao ya mgongo yalipungua kwa nusu au zaidi. Kwa kifaa cha zamani walikuwa 44 katika kila 100.

Tatu, kifaa kinachosikiliza. Hiki kinapiga pigo la umeme, halafu kinapima jinsi ugwe ulivyojibu. Mtu akiinama, jibu linakuwa kubwa, na kifaa chenyewe kinapunguza umeme. Akisimama, kinaongeza. Ni kama dereva anayepunguza mwendo akiona kona. Utafiti wake ulitolewa mwaka 2020. Ulikuwa na wagonjwa 134. Baada ya miezi 3, watu 82 katika kila 100 walipata nafuu ya nusu au zaidi, na kwa vifaa visivyosikiliza walikuwa 60 katika kila 100. Marekani ilikiruhusu mwaka 2022.

Nne, wagonjwa wa kisukari. Kisukari kikikaa muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Nyayo zinawaka moto usiku. Utafiti wa mwaka 2021 huko Marekani ulikuwa na wagonjwa 216 wa namna hiyo, ambao dawa zimewashinda. Waliopewa kifaa pamoja na dawa, karibu 8 katika kila 10 walipata nafuu kubwa baada ya miezi 3. Waliobaki na dawa peke yake, ni kama mtu 1 katika kila 20.

LAKINI TUSIKIMBILIE

Ndugu msomaji, tangu ujue kusoma umejifunza pia kuuliza. Basi tuulize: je, habari hizi nzuri ni habari zote?

Hapana. Kwanza, tafiti nyingi nilizozitaja zililipiwa na makampuni yanayotengeneza vifaa hivyo. Muuza nguo haisemi nguo yake vibaya. Hiyo haina maana kuwa tafiti ni za uongo, lakini ni lazima tusikilize na upande wa pili.

Pili, mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, akapewa kifaa cha ajabu, anatumaini sana. Matumaini yenyewe yanatuliza maumivu. Kwa hiyo watafiti wa Norwe walifanya hivi. Walichukua watu 50 ambao miguu ilibaki kuwauma baada ya kupasuliwa mgongo. Wote waliwekewa kifaa. Kisha kwa miezi 3 kifaa kinawashwa, kwa miezi 3 kinazimwa, na mgonjwa haambiwi, wala umeme wenyewe hausikiki. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Wagonjwa walipata nafuu kiasi, lakini hakukuwa na tofauti kubwa kati ya wakati kifaa kimewashwa na wakati kimezimwa! Mwaka 2023 wataalamu wengine walikusanya tafiti 13 zenye watu 699 wenye maumivu ya kiuno. Nao hawakuona ushahidi kuwa kifaa kinaleta faida ya muda mrefu kupita kifaa cha uongo.

Madaktari bado wanabishana juu ya jambo hili. Wanaokitetea wanasema aina moja ya umeme ikishindwa, haina maana kuwa aina zote zimeshindwa. Wanataja utafiti wa mwaka 2007 wa watu 100 ambao upasuaji wa mgongo haukuwasaidia. Baada ya miezi 6, watu 48 katika kila 100 wenye kifaa walipata nafuu ya nusu au zaidi ya maumivu ya mguu. Waliobaki na matibabu ya kawaida walikuwa 9 tu katika kila 100. Uingereza ilikikubali kifaa hiki mwaka 2008 kwa maumivu sugu yanayotokana na mishipa ya fahamu, baada ya matibabu mengine kushindwa. Hata katika utafiti huo mzuri, ona: zaidi ya nusu ya watu hawakufikia nafuu hiyo.

Tatu, yapo madhara. Waya unaweza kusogea kutoka mahali pake. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu na kutunga usaha. Kifaa kinaweza kuharibika. Mara chache, mishipa ya fahamu inaumizwa. Mtu analazimika kupasuliwa tena.

Nne, gharama. Kifaa kimoja na upasuaji wake ni maelfu mengi ya dola. Ng'ombe wawili hawatoshi. Zizi zima halitoshi. Na baada ya kukiweka, mgonjwa anahitaji mtaalamu wa kukirekebisha mara kwa mara, na umeme wa kuchajia. Kwa sababu hiyo kifaa hiki kinatumika zaidi katika nchi tajiri.

USIINYAMAZISHE MBIU KABLA YA KUULIZA

Hili ndilo jambo kubwa katika somo la leo. Kichocheo hakiponyi ugonjwa. Kinazuia habari njiani tu. Kwa hiyo kabla ya kunyamazisha mbiu, iwe kwa umeme au kwa vidonge, lazima tujue kwanza: je, moto bado unawaka?

Ukiumwa mgongo na kuona mojawapo ya dalili hizi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho:

1. Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za kukalia.

2. Mkojo au haja kubwa kushindwa kutoka, au kutoka bila kujua.

3. Miguu kupoteza nguvu.

4. Maumivu makali baada ya kuanguka au ajali.

Na ukiona dalili hizi, nenda kapimwe mapema:

1. Homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaingia hata katika pingili za mgongo, na kinaweza kuleta kibyongo na kupooza. Lakini kina dawa, nacho hupona. Kwa Tanzania dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

2. Nundu inayojitokeza mgongoni.

3. Nyayo kuwaka moto, kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara. Pima sukari.

4. Maumivu ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Fikiri mtu mwenye kifua kikuu cha mgongo, anayemeza vidonge vya maumivu mwaka mzima. Mbiu imenyamaza kidogo. Moto unakula nyumba.

YALIYO KARIBU NASI

Ikiwa umepimwa na hakuna moto, yapo mambo ya kufanya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno. Linashauri mgonjwa aelezwe vizuri ugonjwa wake, na afanye mazoezi ya mwili. Usilale kitandani miezi. Tembea kidogo kila siku, ukiongeza polepole. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini atakuonyesha mengine. Mwongozo huo unasema mikanda ya kufunga kiuno isiwe matibabu ya kawaida.

Maumivu ya mishipa ya fahamu yana dawa zake pia. Iko dawa iitwayo amitriptilini, ambayo hutolewa kwa kipimo kidogo, na si ya bei kubwa. Lazima iandikwe na daktari. Dawa kama diklofenaki usinunue dukani na kumeza kila siku. Zinaumiza tumbo na figo.

Na akija mtu mnadani na mkanda wa umeme, au mashine ya kugusisha mgongoni, akisema ndiyo ile ya Ulaya, mwambie: "Ile ya Ulaya inawekwa na daktari mpasuaji. Yako ni nyingine." Kisha kaa na fedha yako.

JIBU LANGU KWA MAMA

Mama, kijana wa mjini hakukudanganya. Umeme huo upo, na maumivu kama ya mume wako, ya mguu baada ya kupasuliwa mgongo, ndiyo hasa unaotumiwa kuyatuliza. Lakini haumsaidii kila mtu, na bei yake ni kubwa kuliko mali yako.

Ng'ombe wako wabaki zizini kwanza. Mpeleke mzee hospitali ya wilaya, mchukue na karatasi zote za upasuaji. Aseme maumivu yalipo, yanavyochoma, na yanakopita. Aulize maswali haya matatu: "Je, mna hakika hakuna ugonjwa mwingine mgongoni? Je, maumivu haya ni ya mishipa ya fahamu? Je, kuna dawa na mazoezi ya maumivu hayo?" Ikibidi, wampe barua ya kwenda hospitali kubwa zaidi kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu.

Na jioni, ndugu zake wakija, wasomee ukurasa huu. Wasomee wewe mwenyewe, kwa sauti. Waambie: huyu si mvivu. Mbiu inalia mwilini mwake usiku na mchana, na yeye peke yake ndiye anayeisikia. Asipoweza kushika jembe, ashikiwe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Maumivu sugu: maumivu yanayozidi miezi 3.

Mishipa ya fahamu: nyuzi za mwili zinazopeleka habari kwenye ubongo na kuzirudisha.

Pingili: mfupa mmoja wa uti wa mgongo.

Ugwe wa mgongo: kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo.

Kichocheo: kifaa kinachopeleka umeme mdogo kwenye ugwe wa mgongo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maumivu yanafananishwa na mbiu ya mgambo? Ni wakati gani mbiu hiyo inasema uongo?

2. Kwa nini mtoto akisuguliwa mahali alipoumia anapata nafuu?

3. Kwa nini mgonjwa anajaribu waya kwanza kabla kifaa hakijafukiwa?

4. Watafiti wa Norwe walizima kifaa bila kumwambia mgonjwa. Walitaka kujua nini?

5. Je, katika kijiji chenu yuko mtu anayeitwa mvivu kwa sababu anaumwa? Mtamsaidiaje?